Mdomo Unabaki Kwenye Tangi

Watu wanaolazwa hospitali wanadhani shuka zinajileta. Mgonjwa anaamka, shuka safi iko pale, imekunjwa pembe kwa pembe, na wala hajiulizi imepitia mikono ya nani. Haya, mimi nawaambia. Kwa miaka mingi zilipitia mikono ya mtu mmoja mwembamba aitwaye Foronya na ya mwenzake aitwaye Mvuke. Habari hii ni yao wote wawili, ingawa kwa sehemu kubwa ni ya mmoja, maana hicho ndicho kilichomsibu, kubaki mmoja.

Jina la Foronya alipewa siku ya kwanza kazini. Shati la kazi lilimning'inia kama foronya iliyochomolewa mto, mtu akacheka, na ndiyo ikawa imetoka hiyo. Mvuke naye aliitwa hivyo kwa sababu alisimama kwenye mtambo wa pasi, ule wenye roli mbili ndefu za moto, na kila ukimtafuta ulimkuta ndani ya wingu, jasho linamtiririka na uso umetulia tuli. Nguo za hospitali nzima zilikuja kwao kwa toroli: shuka, gauni za wagonjwa, vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji. Mashine za kufulia zilikuwa upande huu, za kukaushia upande ule, na zikiwashwa zote kwa pamoja, hata ukimpigia mtu kelele sikioni anakutumbulia macho tu. Kwa hiyo watu wa chumba kile waliacha kuongea zamani. Waliongea kwa mikono.

Haikuwa lugha ya kusomea. Walijitungia wenyewe, kidogo kidogo, wakirithishana. Kiganja kilichotandazwa kikishushwa chini: pasi ni moto, simama hapo hapo. Vidole viwili vikibanwa: shika pembe tukunje. Ncha za vidole zikidonoa mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko: hii ina madoa. Na ukisugua ngumi juu ya ngumi nyingine, halafu ukatupa dole gumba nyuma ya bega, maana yake ni bado chafu, rudisha ikafuliwe. Hiyo ya mwisho ilikuwa na kazi nyingi. Msimamizi akisimama mlangoni kutangaza kwamba mashine mpya ziko njiani, akigeuka tu, chumba kizima kilisugua ngumi nyuma ya mgongo wake.

Halafu kulikuwa na kukunja. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja, hata awe na mikono mirefu namna gani. Mnasimama mkitazamana, kila mtu na pembe zake, mnaivuta mpaka inyooke, mnaikutanisha, unamwendea mwenzako naye anakuja, mikono inagusana, mnaachana, mnaanza tena. Foronya na Mvuke waliendeana hivyo kutwa nzima, miaka nenda miaka rudi. Foronya alijua kwa namna shuka ilivyovutwa kama mwenzake amelala vibaya, kama nyumbani kuna mgonjwa, kama ana jambo la kuchekesha anasubiri mapumziko. Kuhusu mke wake mwenyewe, aliyeondoka zamani bila ugomvi wowote kwa kuwa alichoshwa na kuishi na mtu asiyeongea, hakuwahi kujua hata nusu ya hayo.

Siku zao za kupumzika walikimbia mlimani. Wala hayakuwa mashindano, na hakuna aliyewavisha medali. Mvuke ndiye aliyeanzisha. Alisema mapafu yamejaa sabuni ya unga na yanahitaji kusuuzwa. Barabara ya lami iliishia kwenye tangi la maji la mji, pale palipokuwa na mlinzi na kiti chake kilichovunjika mguu, na kuanzia hapo ni kijia tu, mizizi, mawe na msitu. Mvuke alikuwa na sharti moja, nalo alilisema kila walipofika pale, hata kama halikuhitaji kusemwa. "Mdomo unabaki kwenye tangi." Wakawa wanapanda wakiongea kwa mikono ya kazini.

Foronya alikimbia mbele kwa kuwa ni mwepesi, Mvuke nyuma akihema. Wa mbele akiona mnyama, anapeleka mkono nyuma na kutandaza kiganja: simama. Wa nyuma anasimama, anatafuta kwa macho, na akishamwona anamgusa mwenzake mgongoni, mara moja, kati ya mabega. Maana yake nimeona. Bila kuguswa, wa mbele haondoki. Anaweza kuganda pale hadi miguu ife ganzi, lakini haondoki mpaka aguswe, kwa sababu Mvuke alisema kitu alichokiona mtu mmoja ni ndoto.

Kwa ukimya huo waliona mengi. Nyani waliwazoea mpaka wakaacha kubweka. Waliona nguruwe mwitu akivusha watoto wake kijia, mmoja mmoja, wa mwisho akisahaulika na kufuata mbio. Waliona mbawala akinywa maji na masikio yake yakigeuka huku na huku. Chui hawakumwona. Walikuta nyayo zake kwenye tope, walikuta kinyesi chenye manyoya, na siku moja mguu wa mnyama umening'inia juu kwenye mti, lakini mwenyewe wapi.

Isipokuwa Mvuke. Kuna wiki Foronya alishikwa na homa, Mvuke akaenda peke yake, na kesho yake kazini, ng'ambo ya mashine zote zikinguruma, akadonoa mkono wake kuanzia kifundo hadi kiwiko, kisha akachora mkia mrefu hewani. Foronya alimtazama. Akasugua ngumi juu ya ngumi, akatupa dole gumba nyuma. Chumba kizima kikafa kwa kicheko. Mvuke aliapa kwa mikono yote miwili, wapi. Alishasema mwenyewe kwamba kitu alichokiona mtu mmoja ni ndoto, na Foronya hakuwa mtu wa kuacha nafasi kama hiyo impite. Ikawa salamu yao. Asubuhi Mvuke anadonoa madoa, Foronya anasugua ngumi, kazi inaanza.

Kisha kiharusi. Mvuke alikuwa nyumbani, ameinama anafunga kamba za raba, akaanguka ubavu. Walimleta hospitali ile ile. Foronya alipanda wodini na shati lake la kazi, akamkuta amelala juu ya shuka waliyoikunja wao wawili juzi yake, na mkono wa kulia umelazwa pembeni, kiganja juu, haujui kitu. Ndugu walijaa pale, kila mmoja akimsemesha kwa sauti kubwa. Foronya naye akafungua mdomo. "Pole, ndugu yangu. Utapona tu." Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu huyo maishani. Mvuke akageuza macho ukutani.

Foronya aliutazama ule mkono. Ndio uliokuwa mdomo wa Mvuke, na sasa umekufa. Akajiambia basi, hakuna mtu tena humo ndani. Akashuka ngazi, akarudi kwenye shuka, na hakwenda tena kumwona. Mvuke alirudishwa nyumbani kwake, na miezi ikapita. Tusimtetee. Alikuwa na miguu ya kumpandisha mlima mzima na ikashindwa kumfikisha nyumba ya mwenzake, mitaa michache tu kutoka kwake.

Alivyoishi miezi hiyo si jambo la kusimulia kwa furaha. Alikuwa na chumba kimoja na ukumbi mdogo, jiko la gesi, kitanda alichokitandika vizuri kuliko cha hospitali, na viti viwili ambavyo kimoja kilikuwa cha kuwekea nguo. Mwanawe alikuwa mbali, kikazi, na alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Afya?"

"Nzuri."

"Haya Baba, tutaongea." Na hayo ndiyo yalikuwa maongezi.

Kazini alipewa mwenzake mpya wa kukunja, mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Pacha, mtu mwema kabisa, ila Mungu alimpa koo la kushindana na mashine. Alikunja huku anapiga kelele habari za pacha wake, nani kafeli, nani kapenda, na kila shuka aliivuta kabla ya wakati wake ikamponyoka Foronya vidoleni. "Wewe baba umelala?" alipiga kelele. Foronya alitikisa kichwa kwamba hajalala. Mikono yake ilisubiri mvuto mwingine, wa pole, na ikawa inasubiri kila siku. Jioni alifika chumbani kwake akiwa na upweke wa kutosha kumfanya aongee na sufuria, na wala hakuongea nayo.

Mlimani hakuacha kwenda. Alifika kwenye tangi, akafunga mdomo kwa mazoea, akapanda. Lakini kukaa kimya na mtu ni jambo moja, na kukaa kimya peke yako ni jambo jingine, na hilo la pili halina utamu wowote. Alikuwa akiwaona nyani, anawapita. Akiona nyayo, anazikanyaga.

Asubuhi ninayotaka kuwaambia, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye tangi. Mlinzi alikuwa amejikunyata ndani ya koti.

"Leo tena, mzee?"

"Leo tena."

"Utakuja kuvunjika huko, nani akubebe?"

Foronya akaanza kukimbia. Kijia kilikuwa kimelowa na majani yalishikana na soli. Kwenye kona ya mawe alimkuta nyani dume amekaa katikati ya njia, anapiga mwayo meno yote nje. Foronya alijua taratibu zake: usimtazame machoni, sogea pembeni, mwache ajione mwenye njia. Nyani akajikuna, akaondoka kwa wakati wake mwenyewe, na kundi lake likamfuata. Foronya akaendelea. Moyo wake ulikuwa mzito siku ile, na miguu inakwenda tu kwa sababu imezoea.

Akasikia nyani nyuma yake wakianza kubweka. Hawakubweka kwa ajili yake, hilo alilijua mara moja. Kabla hajageuka, mbawala jike akatokea juu akiteremka kijia kwa kasi, akampita karibu amgonge goti, akapotelea chini. Mbawala hakimbilii watu. Akikimbilia upande wa mtu, ujue anakotoka kuna kibaya kuliko mtu. Foronya akaacha kukimbia, akatembea. Ndege walikuwa wamenyamaza. Akaizunguka kona yenye gogo lililoanguka miaka mingi iliyopita, gogo ambalo Mvuke alizoea kulipiga kofi kila wakilipita.

Chui alikuwa juu ya gogo.

Alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja unaning'inia, manyoya yamelowa ukungu. Sikio moja lilikuwa limechanika. Umbali wao ulikuwa kama wa shuka mbili zilizotandazwa, si zaidi. Alikuwa analamba mguu, akaacha, akamtazama Foronya. Hakuwa na hasira machoni. Hakuwa na chochote. Alimtazama tu, kwa utulivu, ulimi ukiwa bado nje kidogo.

Kila msuli wa Foronya ulitaka kukimbia. Ni mtu aliyekimbia miaka yote hiyo kwa kupenda mwenyewe, na sasa kazi yake ilikuwa moja tu, kutokukimbia. Ukimpa chui mgongo umemwita. Alisimama. Na hapo mkono wake wa kulia ukaenda nyuma wenyewe, hakuuamrisha, ukatandaza kiganja na kukishusha chini. Pasi ni moto, simama hapo hapo. Kisha, nyuma ya mgongo vile vile, akaunyoosha mkono wa kushoto na vidole vya kulia vikaudonoa kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Akasubiri kuguswa.

Msidhani alikuwa amerukwa na akili. Alijua hakuna mtu nyuma yake. Lakini mgongo wake haukujua. Mgongo ulisubiri pale kati ya mabega, ngozi imesisimka yote, na kilichouangukia ni matone ya maji kutoka kwenye majani. Chui alikaa anamtazama. Baadaye akainuka, akajinyoosha, akashuka upande wa pili wa gogo bila haraka yoyote, na mkia wake mrefu ukafuata mwishoni. Majani yakajifunga. Foronya alibaki amesimama na mkono nyuma, hawezi kuondoka, kwa sababu hajaguswa bado.

Alilia. Sitaki kumpamba, alilia kwa sauti, mtu mzima, peke yake msituni. Hakulia kwa woga. Woga ulikuja baadaye, kwenye mteremko. Alilia kwa sababu ameona kile walichokitafuta miaka yote, na hakuna wa kumgusa mgongo.

Alipofika chini, ulimi ulikuwa unamwasha kusema. Yeye, Foronya, alimwendea mlinzi wa tangi kwa miguu yake mwenyewe.

"Nimeona chui."

"Chui?" Mlinzi akamtazama raba mpaka kichwa. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ahaa," mlinzi akasema, akajifunika koti vizuri. "Sasa mzee, nenda kanywe chai ya moto. Umepigwa na baridi."

Jumapili mwanawe akapiga. "Baba, umekula?"

"Nimeona chui," Foronya akasema.

"Baba, wewe na umri huo unatafuta nini huko? Si nilikwambia ununue ile baiskeli ya kukanyagia ndani? Ukiliwa huko mimi nitasemaje kwa watu?" Akaongea hivyo kwa muda, kwa upendo kabisa, mambo ya baiskeli, mambo ya pumzi, mambo ya jirani wa mtu aliyeanguka bafuni. Chui hakutajwa tena. "Haya Baba, tutaongea."

Jumatatu alijaribu kazini. Alidonoa mkono mbele ya Mama Pacha, akachora mkia hewani. Mama Pacha akaichukua shuka, akaigeuza pande zote, akaikagua. "Haina madoa hii," alipiga kelele. "Ni safi!" Mashine zilipopumzishwa kidogo, Foronya akafungua mdomo akamwambia kwa maneno, na Mama Pacha akapigwa na butwaa, si kwa habari ya chui, kwa kusikia sauti yake. Halafu akauliza, "Ulipiga picha?" Simu huwa anaiacha nyumbani. "Sasa baba, bila picha si ni hadithi tu," akasema, na akavuta shuka.

Ndipo Foronya alipojua kwamba duniani kuna mtu mmoja tu wa kumpelekea chui wake. Mmoja. Na hakujua kama mtu huyo bado yupo ndani ya mwili wake au ameshaondoka, na kwa miezi yote hiyo hakwenda kutazama, kwa kuogopa kukuta hayupo. Akienda akakuta hayupo, basi atakuwa peke yake kweli, bila hata ya kujidanganya. Mchana ule aliikunja kila shuka vibaya. Kazi ilipokwisha hakubadili nguo, alikwenda na shati lake la kazi.

Alibisha hodi. Mke wa Mvuke akafungua, kitambaa cha vyombo begani, amekonda.

"Shemeji," akasema. "Kumbe upo. Sisi tulijua umehama mji."

"Sikuhama."

"Basi miguu ilikuwa inauma."

"Haikuwa inauma, shemeji."

Alimwacha asimame pale mlangoni kidogo, kama alivyostahili, kisha akasogea pembeni. "Pita. Ila nikwambie mapema. Daktari anasema akili ipo, mimi siioni. Namwuliza unataka maji, ananitazama. Wanawe wakipiga simu namwekea sikioni, anafumba macho. Wamekuja wengi, na wote wametoka hapa wanafuta machozi. Usije na matumaini."

Mvuke alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, shuka imetandazwa magotini, mkono wa kulia umewekwa juu yake na mtu mwingine. Uso umeshuka upande mmoja. Alikuwa anatazama nje, kwenye ukuta wa jirani. Shemeji akarudi jikoni. Foronya akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akafungua mdomo. "Habari za siku nyingi," akasema, na maneno yakaishia hapo. Mvuke hakugeuka.

Foronya akafunga mdomo. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaudonoa kwa vidole vya kulia, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Akachora mkia mrefu hewani. Akajinyooshea kidole kifuani: mimi, nimemwona mimi.

Hakuna kitu. Ukuta wa jirani ulikuwa na mambo mengi zaidi.

Akarudia. Madoa, mkia, mimi. Na macho ya Mvuke yakaondoka dirishani, polepole, yakapita uso wa Foronya bila kusimama, yakatua kwenye mikono. Yakabaki hapo. Foronya akarudia mara nyingine, na safari hii akaongeza sikio lililochanika, akilikata sikio lake mwenyewe kwa kidole. Mvuke alitazama mpaka mwisho. Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ule ambao hakuna aliyeufikiria, ukasogea juu ya shuka. Ukakunja ngumi. Ukapanda juu ya mkono wa kulia uliolala, ukausugua. Ukapumzika. Ukausugua tena. Halafu dole gumba likainuka, likaelekea begani, halikufika, likatupwa nyuma kutoka pale lilipofika.

Bado chafu. Rudisha ikafuliwe.

Foronya alicheka, na kicheko kikatoka kibaya, kimechanganyika na kilio, mpaka shemeji akaja mbio kutoka jikoni.

"Kuna nini? Amefanya nini?"

"Ananiambia mimi mwongo."

"Nani?"

"Huyu. Anasema mimi mwongo."

Shemeji alimtazama Foronya, akamtazama mumewe. Nusu ya uso wa Mvuke, ile isiyopooza, ilikuwa imepanda juu. Shemeji akashika mgongo wa kiti. "Muulize," akasema. "Muulize chai ninayompa asubuhi. Ni nzuri?"

Foronya akaiga kikombe, akaiga kunywa, akafungua viganja kuuliza. Ngumi ya kushoto haikusita hata kidogo. Ikasugua mkono wa kulia, dole gumba likaenda nyuma.

"Daktari alikataza sukari," shemeji akasema. "Miezi yote hii. Nikadhani hajui anakunywa nini." Akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo na kukaa chini pale pale sakafuni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Foronya alitaka kumwomba Mvuke msamaha. Lakini kule kazini hakukuwa na ishara ya msamaha. Ukiunguza shuka ya mtu, unaikunja vizuri na kuiweka chini ya nyingine, mambo yanaisha. Na kwa mdomo alishajaribu, mdomo ulikuwa haumsaidii. Kwa hiyo alifanya kitu kingine. Aliinuka, akakisogeza kigoda kwa mguu, akamgeuzia Mvuke mgongo, akasimama karibu kabisa na magoti yake, kama vile wako kwenye kijia na ukungu umeshuka. Akapeleka mkono nyuma, akatandaza kiganja, akakishusha chini. Kisha akadonoa madoa. Akaganda hivyo, akitazama mlango wa jikoni.

Muda ulipita. Maji yalikuwa yanachemka jikoni na hakuna aliyekwenda kuyazima. Shemeji alikuwa amekitoa kitambaa usoni, anatazama. Foronya alisikia kiti kikilia, akasikia pumzi ile ya kuhema, ngumu, ya mtu anayepanda. Hakugeuka. Magoti yalianza kufa ganzi na hakugeuka.

Kisha akaguswa, mara moja, chini kidogo ya pale pa siku zote, kwa vidole vya mkono wa kushoto.

"Na hiyo?" shemeji akauliza kutoka sakafuni. "Hiyo amesema nini?"

"Amesema ameona," Foronya akasema.